Asiyepanga Foleni Haimbi

Simu ya Masanja ilinikuta uani kwangu, Bukoba, nikichambua maharage. Aliniita Koku, jina langu la ujana ambalo siku hizi halina wa kulitumia, maana wengi waliolijua wametangulia. Kwa namna alivyolitaja, nilijua kabla hajasema. Mama Kabula amefariki. Nilibaki na ungo mapajani mpaka kivuli cha mgomba kikanihama, na nilipoinuka nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitavuka ziwa, magoti yapende yasipende. Watoto wangu walisema mazishi ya siku hizi huonyeshwa kwenye simu, nitulie nyumbani nitazame. Niliwajibu kwamba mtu aliyenilisha simziki kwenye simu. Wakatazamana. Miaka yote hiyo walikuwa wakijua kwamba mama yao aliwahi kuimba kwaya ya sifa huko Mwanza, na walipokuwa wadogo niliwachosha sana na habari hizo. Kwamba nililishwa sikuwahi kuwaambia, na wao hawakuwa na sababu ya kuuliza.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita. Vita vilikuwa vimekwisha, na maduka nayo yalikuwa yamekwisha. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni, na siku nyingine ulikuta foleni ukaiunga kwanza ndipo ukauliza inauza nini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimeomba chuo cha ualimu, jibu bado. Shangazi Adventina, aliyenikaribisha Mwanza, alipata uhamisho wa ghafla kwenda Tabora. Aliniachia chumba chake cha Kirumba ambacho kodi yake ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwaka, kitanda cha kamba, jiko la mkaa, na neno moja akiwa tayari mlangoni: "Chakula utaangalia." Nyumbani nilijua ninachosubiriwa. Kulikuwa na mgane mmoja, mtu mzima, mwenye kibanja kizuri cha kahawa na watoto wanaokaribia umri wangu, na baba alikuwa ameandika kwamba chuo kikichelewa nipande meli nirudi, wazee wamekwisha kuzungumza. Kwa hiyo kila siku niliyoweza kushinda Mwanza bila kufa njaa ilikuwa siku niliyomnyima yule mgane. Nilikuwa nikienda mwaloni asubuhi kuokota dagaa walioangukia mchangani wakati wa kupakua, na nilivaa viatu kwenda kuwaokota ili watu wadhani napita tu. Watani wetu husema Mhaya akianguka kwanza hutazama kama suti imechafuka. Sibishi.

Nililifahamu Kanisa la Mwambani kwa masikio kabla ya kulifahamu kwa macho. Ni kanisa la zamani pale mjini, limejengwa kwa mawe juu ya mwamba, na mwaka ule kwaya yake ilikuwa gumzo. Watu walikuwa wakitoka Buhongwa na Kisesa kwa miguu kuja kusali misa ya pili, na waliokosa nafasi ndani walikaa nje juu ya mawe, madirisha yakiwa wazi, wakiitikia kutoka hukohuko. Jirani yangu wa chumba cha pili, Mwislamu safi, alikuwa akipitia hapo Jumapili akienda sokoni, eti ndiyo njia fupi, na njia fupi haikuwa hiyo. Mimi ni Mlutheri. Nilikuwa nimeimba alto shuleni nikajiona fundi, na nikataka kwenda kupima kama hawa Wakatoliki wa Mwanza wanastahili maneno yote yale. Nilichagua Jumamosi, siku ya mazoezi. Nikavaa gauni langu la kitambaa cha tetroni, nikavaa na viatu, nikapanda ngazi za mawe kwa mwendo wa mkaguzi wa shule.

Kanisani hapakuwa na mtu. Sauti zilikuwa zikitoka nyuma, upande wa jikoni, nikazifuata. Nilikuta kibanda kirefu cha mabati, mapipa mawili yaliyokatwa yakichemka juu ya mafiga, moshi, na watu wengi wamepanga foleni huku wakiimba. Nasema wakiimba, na simaanishi wakivumavuma. Waliimba sauti nne kamili, kila mtu na bakuli lake mkononi. Mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa akikoroga pipa la kwanza kwa mwiko mrefu kama kasia, na mwiko ule ndio uliokuwa ukiongoza wimbo. Ukienda polepole, wimbo ulitulia. Ukikwangua chini, besi waliingia. Huyo ndiye alikuwa Mama Kabula. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu na hakuacha kukoroga.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Chukua bakuli."

"Samahani mama, mimi nimekuja kusikiliza kwaya."

"Kwaya ndiyo hii. Chukua bakuli upange foleni."

"Lakini mimi sikuja kula, mama."

"Hapa asiyepanga foleni haimbi," akasema, "na asiyeimba anatuzibia moshi usitoke. Masanja, mpe bakuli huyu."

Masanja alikuwa kijana mrefu wa besi, karani wa benki, na hata Jumamosi alikuwa amevaa tai. Alinipa bakuli la bati lililobonyea, akainama kidogo akanong'ona, "Usijali dada, nasi tulishangaa hivyohivyo." Nikapanga. Mbele yangu alikuwa mzee kipofu aliyeshika bega la mke wa polisi. Nyuma yangu alikuwa mama mwenye mapacha, kisha mpiga kinanda, kisha wanaume wawili ambao mpaka leo sijui walikuwa waimbaji au watu wa barabarani, maana wote waliimba na wote walikuwa na mabakuli. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Kila Jumamosi kanisa lilitoa uji kwa yeyote mwenye shida, na kwaya nzima ilifanya mazoezi palepale jikoni, ikapika, ikapanga foleni pamoja na wageni, ikala uji uleule kwa mabakuli yaleyale. Mtu akipita nje asingeweza kusema nani analisha na nani analishwa. Nilikasirika sana siku ile kwamba mtu aliyenitazama amenidhania mhitaji. Kisha nikanywa ule uji, wa unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, mzito, umetiwa chumvi kwa sababu sukari ilikuwa hadithi. Machozi yalinitoka. Nikasema ni moshi. Nikarudi kwenye foleni mara ya pili, na Mama Kabula akanijazia, naye Masanja akasema, "Mhaya, taratibu, uji si ndizi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku ile nikawa mwanakwaya wa Kanisa la Mwambani.

Nimewahi kufundishwa na wenye vyeti, na mimi mwenyewe nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu, lakini mazoezi kama yale sijayaona tena. Hatukuwa na karatasi za nyimbo za kutosha, na kinanda kilikuwa kanisani na panya wamekula mifuko yake ya upepo. Soprano walisimama upande wa kuni, kwa sababu Mama Kabula aliamini moto huwazuia kulegeza sauti. Sisi alto tulikuwa kwenye pipa la pili. Tenori walichota maji. Besi walishika mapipa yasiyumbe. Kila mmoja alikoroga kwa zamu, na wakati wa zamu yako ndipo uliimba sauti yako peke yako, watu wote wakisikia. Ukikosea, Mama Kabula hakukusahihisha, alisema tu, "Unaunguza," nawe ukajua kuwa ni sauti wala si uji. Hata nyimbo za misa tulizijua kwa mwendo wa mkono. Jumapili tukiwa tumesimama wima kanisani, ungeona mabega yetu yakizunguka kidogo, yote pamoja, na wageni walidhani ndiyo maringo yetu.

Uji ulikuwa Jumamosi tu. Siku nyingine nilikuwa nikikaa kwa dagaa, kwa maji, na kwa kulala mapema, na kuanzia Alhamisi nilikuwa nikiimba alto yangu chumbani ili nisisikie tumbo. Hakuna aliyejua. Niliogopa kujulikana kuliko nilivyoogopa njaa, na huo ndio ukweli wa ujana wangu. Siku moja nilikuwa nikisuuza mabakuli nyuma ya kibanda, nikawasikia kinamama wawili wa parokia, watu wenye nafasi, waliokuja kuleta kuni.

"Yule binti Mhaya," mmoja akauliza, "naye anakula au anaimba?"

"Anaimba bwana! Hukuona viatu vyake?"

"Nimeona. Lakini shingo ile, mh."

Nilibaki nimeinama juu ya beseni mpaka wakaondoka. Nilivishukuru viatu vyangu kama vile ni ndugu zangu. Na nililishukuru zaidi lile neno la ajabu la Mama Kabula ambalo siku ya kwanza lilinikera, kwa sababu kama si foleni ile ya wote, swali la wale kinamama lingekuwa na jibu moja tu.

Ndipo unga ukaisha. Meli ya msaada ilikuwa imechelewa bandarini Dar es Salaam, au treni ndiyo ilikuwa imekwama, kila mtu alikuwa na habari yake. Padre wetu alikuwa kijana, mpole, mwenye kikohozi. Alikuja jikoni siku ambayo tulipika pipa moja tu, tena jepesi, akasubiri tumalize wimbo. Alisema Jumamosi ijayo hatutakuwa na cha kupika, na kwamba uji tunausimamisha mpaka Mungu atakapofungua mlango. Akatushukuru. Aliposema mazoezi yatahamia kanisani, pakavu, pasafi, nilimwona mama wa mapacha akifunga kitenge chake vizuri, polepole, kama mtu anayejiandaa kuondoka mbali. Mimi nilifanya hesabu ya kichwa. Dagaa peke yao wasingenifikisha kwenye jibu la chuo. Nilikuwa nimebakiza mambo mawili, kujitangaza kwa watu kwamba nina njaa, au kupanda meli kwenda kwa mgane, na naapa kwamba siku ile niliona meli ndiyo nafuu.

Mama Kabula aliweka mwiko kwenye ukingo wa pipa. "Padre," akasema, "Msukuma huko Magu amevuna mtama. Ana mtama, ana michembe ya viazi vikavu, hana wimbo mpya. Sisi tuna nyimbo. Tutabadilishana."

"Watakupeni tu bure, mama?"

"Nani kasema bure? Nimesema tutabadilishana."

Masanja aliomba lori kwa mjomba wake wa pamba, na Jumapili baada ya misa tukaondoka, tukapita Kisesa watu wakitupungia, tukaingia Magu na kuendelea hadi kijiji kimoja mbele yake. Na hapo tulikuwa tumefanya kosa letu la pamoja. Tulikuwa tumekubaliana sote kwamba tunakwenda ugenini, kwa hiyo twende kwa heshima. Tukaazima majoho meupe. Tukaacha mapipa, tukaacha miiko, tukabeba karatasi chache za nyimbo tulizokuwa nazo na kifurushi cha unga wa chakula chetu cha njiani. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa salamu za chama, akatusikiliza, kisha akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la mikono mifupi na fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji.

"Wageni wetu, mmefika siku nzuri," akasema. "Leo kuna ngoma hapa. Na desturi yetu mnaijua. Wagalu wanapocheza na Wagika, wapinzani wao wa ngoma, hatuweki mwamuzi. Wanacheza wakati mmoja, huku na huku, na watu wanakwenda wanakopenda. Kwenye watu wengi ndiko kwenye ushindi. Leo Wagika hawakutokea. Basi nyinyi shikeni nafasi yao. Watu wakija kwenu, kijiji kitatoa mtama. Wasipokuja, tutawapa maji ya kunywa na safari njema."

Upande wa pili wa uwanja walikuwa wacheza bugobogobo na majembe yao. Wanarusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka, wanalima hewa kwa pamoja, na ngoma inapigwa mpaka unaisikia kwenye meno. Upande wetu tulisimama mistari minne na majoho meupe, tukaimba wimbo wetu mtakatifu kuliko zote, polepole, vizuri mno. Nadhani hatujawahi kuimba kwa usahihi namna ile. Walitusikiliza mbuzi watatu na bibi mmoja aliyekuwa amekaa pale kabla hatujafika. Tukaimba wa pili. Bibi akahama. Nilitazama mgongo wa umati ule kule mbele, nikaona meli ya Bukoba kabisa, na honi yake.

Katikati ya wimbo wa tatu Mama Kabula alitoka kwenye mstari. Tulidhani anaumwa. Alivuka mpaka nyumba ya jirani, tukamsikia akiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kucheka na mtu, kisha akatokea na chungu kikubwa kichwani na mwiko kwapani. Akalivua joho, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Akapanga mafiga. "Kuni," akasema, na soprano wakakimbia. "Maji," na tenori wakakimbia. Kabla hatujaambiwa tulikuwa tumekwisha kusimama kama tulivyosimama siku zote, alto huku, besi wamechuchumaa wameshika chungu, majoho yamefungwa viunoni. Akamwaga unga wetu wote wa njiani. Akaanza kukoroga, na mkono wake ukatafuta mwendo, na tulipouona mwendo tukaingia sote. Ulikuwa wimbo wa jikoni ambao hatukuwahi kuuimba mbele ya mtu, maneno yake tulikuwa tumeyaokota wenyewe siku kwa siku: *Koroga mama, usiunguze, mgeni yuko njiani. Hatujui jina lake, bakuli lake lipo.*

Watoto ndio waliokuja kwanza, kwa sababu ya harufu. Kisha akaja mwanamke mmoja mwenye jembe begani, akasimama, akamtazama Masanja aliyekuwa zamu ya kukoroga na tai yake ikining'inia karibu na uji. "Aka! Huyu baba anaua uji," akasema, akamnyang'anya mwiko. Akakoroga yeye, kwa nguvu za mtu aliyelima, na wimbo ukapanda kasi, nasi tukamfuata. Wenzake wakaja kumcheka, wakabaki. Mmoja akaleta unga wa mtama wa kwake, mwingine akaleta chungu cha pili, na kufumba na kufumbua kulikuwa na mafiga manne na uwanja mzima ulikuwa upande wetu, ukiitikia. Hata wapiga ngoma walihamia kwetu na ngoma zao, maana kubaki peke yao kulikuwa hakuna faida, na ndipo ule wimbo ulipopata miguu. Mimi nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba nina njaa. Nilikuwa nikiimba kwa furaha tupu, ndugu msomaji, na furaha ile naikumbuka mpaka kwenye visigino.

Uji ulipoiva, Mama Kabula alinyoosha mwiko. "Foleni," akasema. Wacheza ngoma wakapanga, majasho yanawatiririka, na kinamama, na watoto, nasi katikati yao. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Msaidizi wake akaja na bakuli kumchotea.

"Hapana mwanangu," Mama Kabula akamwambia. "Aje mwenyewe."

"Mama, huyu ni mwenyekiti!"

"Nimemwona. Mimi namwachia nafasi. Aje."

Mwenyekiti alitazama foleni, akatazama fimbo yake, akainuka. Alikwenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya mjane mmoja ambaye baadaye tuliambiwa ndiye aliyekuwa maskini kuliko wote kijijini, mtu aliyezoea kungoja wengine waondoke ndipo achote kilichobaki. Mjane akataka kumpisha. Mwenyekiti akakataa kwa kichwa. Wakasogea hatua kwa hatua, wakafika, wakanywa. Jioni ile lori lilirudi Mwanza limeinama nyuma kwa magunia ya mtama na vikapu vya michembe, na mwenyekiti ndiye aliyetusukuma tulipokwama kwenye mchanga.

Nilikaa juu ya magunia karibu na Mama Kabula. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kutufikia, na wenzetu walikuwa wamechoka wanasinzia. Hakunitazama aliponiuliza.

"Koku. Jumatatu mpaka Ijumaa unakula wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

Nikaanza kulikaza fundo la gunia lililokwisha kufungwa. Naye akaanza kunisimulia kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Alipofiwa na mume alikuja Mwanza na sauti yake tu. Kwaya ilimpokea, mji ukamsifu, Jumapili watu walimshika mkono na kumwambia ameimba kama malaika, naye akarudi chumbani kulala na njaa. Uji ulikuwepo hata wakati huo, lakini waliopanga foleni walikuwa maskini peke yao, na kwaya ilipita mbele yao ikienda mazoezini. Yeye angepangaje foleni pale, mbele ya wale waliomwita malaika?

"Siku moja nikaegemea ukuta katikati ya wimbo," akasema. "Padre mzee, yule marehemu, akaniona. Hakuniuliza kitu, Koku. Hata kunitazama vizuri hakunitazama. Jumamosi iliyofuata alichukua bakuli akapanga foleni yeye, padre mzima na kanzu yake. Kisha akageuka akatuambia kwaya: njooni wote, na kuanzia leo asiyepanga foleni haimbi. Wenzangu walinung'unika mwezi mzima. Walidhani anawafundisha unyenyekevu."

"Hawakujua?"

"Mpaka leo hawajui. Na wewe hujaambiwa." Akavuta kitenge akanifunika mabega. "Kuanzia kesho njoo jikoni kila siku. Sufuria za mapadre huwa zina ukoko, na mimi sipendi kula peke yangu."

Nilikwenda. Nilikula ukoko wa mapadre mwaka ule uliobaki, tukiwa wawili kwenye benchi la jikoni, na Mama Kabula alinifundisha Kisukuma kibaya na upishi mzuri. Jibu la chuo lilikuja mvua za vuli zilipoanza. Yule mgane alioa mwanamke mwingine, na nasikia waliishi vizuri. Nilifundisha hadi nywele zikaisha rangi, na katika kila shule niliyopewa, walimu walipanga foleni ya chakula pamoja na wanafunzi, mimi nikiwa wa mwisho. Maofisa elimu walinisifu kwa unyenyekevu. Niliwaachia sifa hiyo, maana katika kila shule kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, mgeni, ambaye mshahara wake wa kwanza ulikuwa haujafika, naye alikula ameinua kichwa.

Basi nikawasili Mwanza kumzika. Kanisa limepigwa vigae, jiko limekuwa ukumbi, na huduma ya uji imekuwa idara yenye ofisi. Sisemi kwa ubaya, watu wanakula, tena wengi kuliko sisi. Uani walikuwa wamefunga turubai na kupanga viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na kando yake, juani, yalikuwa mabenchi marefu. Mama mmoja wa kamati, mwenye beji, mwenye uso mzuri wa kuchoka, alinishika mkono.

"Shikamoo mama, pole na safari. Nikupeleke wapi? Wanakwaya wa zamani tumewaweka hapa kwenye viti. Waliosaidiwa na kanisa wapo kule kwenye mabenchi, ili wakati wa picha na kuweka mashada isiwe vurugu."

Nilitazama. Kwenye viti niliwaona wenzangu wachache waliobaki, wazee na fimbo zao, na Masanja mbele, meneja mstaafu, tai yake imenyooka. Kwenye mabenchi walikaa watu waliotazama chini. Jeneza lilikuwa limewekwa upande wa viti. Neno nililoambiwa juu ya magunia lilinipanda mpaka kooni, nikalimeza, kwa sababu si langu. Nilikuwa na langu. Nikalisema kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, ambayo nikiitumia siwezi kuipunguza.

"Nipeleke kwenye mabenchi, mwanangu. Mimi nilikuja hapa kwa sababu nilikuwa na njaa."

Yule mama wa kamati akacheka kidogo, akadhani utani wa wazee, kisha akaona uso wangu akaacha. Nilikwenda polepole, magoti haya, nikaketi mwisho wa benchi karibu na bibi mmoja aliyeshika mfuko wa nailoni. Nikasikia kiti cha plastiki kikiburuzwa kwenye vigae, nikageuka. Masanja alikuwa ameinuka. Alikuja amebeba kiti chake kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, mbele ya watu wote, akakivuka kivuli cha turubai akaingia juani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Miaka yote hiyo nilidhani tai ile ni maringo ya benki, kumbe kwake ilikuwa kama viatu vyangu.

Nyuma yake kiti kingine kikaburuzwa, kisha kingine.

"Sogea, Mhaya," akasema.

Nikasogea.